Walengwa au Wadau? Wazo la Sericho Mbele ya Fomu ya Ufadhili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Aghalabu methali hii hutajwa darasani kama sifa ya umoja, na mjadala huishia hapo. Hata hivyo, methali haisifu tu, hukosoa pia. Katika zama hizi anayekosolewa na methali hii anaweza kuwa mtu asiyetarajiwa kabisa: mfadhili anayezunguka duniani akitafuta kidole kimoja chenye kipaji, ili akipe fedha za kuvunja chawa wa kijiji kizima.

Kwa zaidi ya miongo minne sasa, pameibuka mashirika ambayo kazi yake ni kuwatafuta watu binafsi wenye mawazo machanga ya kuleta mageuzi katika jamii na kuwapa posho, mafunzo na marafiki wa kuwashika mkono kabla mawazo hayo hayajakomaa. Ashoka, lililoasisiwa na Bill Drayton mwaka 1980, ni miongoni mwa makongwe. Echoing Green lilifuata mwaka 1987, likianzishwa na kampuni ya uwekezaji ya General Atlantic ya Marekani. Kenya imeyaona matunda ya juhudi hizi. Andrew Youn, Mmarekani aliyeanza kazi na wakulima wa Bungoma mwaka 2006 chini ya One Acre Fund, alikuwa mfadhiliwa wa Echoing Green. Kennedy Odede, kijana wa Kibera aliyeanzisha kundi lake mtaani kwa mpira wa bei rahisi, aliteuliwa mwaka 2010 pamoja na Jessica Posner kwa ajili ya Shining Hope for Communities. Maombi huwa ni maelfu. Wanaoteuliwa ni makumi tu.

Makala haya hayapingi ufadhili wa aina hiyo. Yanachodai ni kwamba fomu ya maombi ni matini kama matini nyingine, kwamba ina kaida zake za kisimulizi, na kwamba kaida hizo zinaweza kuipokonya jamii wazo lake saa ileile inapolipatia fedha. Yanadai pia kuwa wenye nyenzo za kuizuia hasara hiyo ni wanaosoma na kufundisha Kiswahili, ingawa wengi wao hawajaiona kazi hiyo kuwa yao. Mfano utakaotumika ni Sericho.

Sericho na wazo lisilo la mtu mmoja

Sericho ni wadi katika Kaunti ya Isiolo, eneo bunge la Isiolo Kusini, pamoja na Garba Tula na Kinna. Iko katika bonde la chini la mto Ewaso Ng'iro, upande ambao mto huo unaelekea kufifia katika kinamasi cha Lorian. Wakazi wake wengi ni Waborana wa Waso, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo.

Historia ya bonde hili haikuwa ya upole. Wakati wa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, raia walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi na mifugo mingi ikapotea. Familia zilizokuwa na mali zikaachwa mikono mitupu. Baadaye ikaja miradi ya kilimo cha umwagiliaji kandokando ya mto, iliyonuiwa kumgeuza mfugaji awe mkulima. Miongo ilipita, na wengi bado waliyatazamia maisha yao katika mifugo. Kisha, kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na mizoga ikazagaa katika nyanda za Isiolo.

Katika mazingira kama hayo, wazo kubwa zaidi la mageuzi ambalo Sericho inalo si geni. Linaitwa dedha. Kwa Waborana, neno hili hutaja eneo la malisho na pia utaratibu wa kulitawala chini ya baraza la wazee. Nyanda hugawanywa kwa majira: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, na akiba ya wakati wa ukame. Mvua zinaponyesha na maji yakitapakaa kote, mifugo hupelekwa mbali, ili nyasi zilizo karibu na maji ya kudumu zipumzike. Maji yakipungua, mifugo hurudi polepole na kukuta nyasi zikingoja. Kwenye visima yuko msimamizi, aba erega, anayepanga zamu za kunywesha. Mgeni ajaye na mifugo yake haingii kimyakimya. Hutuma watu, huomba, ombi lake hujadiliwa, naye hupewa muda na masharti. Mkaidi hutozwa faini.

Mtu aliyezoea kuona nyika kama ardhi tupu anaweza kudhani hapo hapana sheria. Ukweli ni kuwa sheria ipo, tena ni ya hesabu kali: nani, lini, wapi, kwa mifugo mingapi. Udhaifu ulikuja pale mamlaka ya serikali yalipowekwa juu ya baraza hilo, na visima vikachimbwa bila ya kuwauliza wazee. Kisima kikichimbwa katikati ya malisho ya akiba, mifugo hukaa hapo mwaka mzima, na akiba si akiba tena. Kisima kilichokusudiwa kuokoa maisha huishia kula nyasi za kesho.

Na tuchukulie kuwa yupo kijana aliyezaliwa Sericho, aliyesoma hadi chuo kikuu, naye anataka dedha ifufuliwe kwa namna inayolingana na leo: kanuni zake ziandikwe, maombi ya wageni kutoka Merti, Wajir na Garissa yapitishwe kwa simu kabla ya mifugo kuondoka, wanawake na vijana wapate viti barazani. Hilo ni wazo changa la mageuzi kwa kila kipimo. Kijana huyo anafungua fomu ya ufadhili. Hapo ndipo mambo yanapobadilika.

Fomu kama ngano

Mwaka 1928 Vladimir Propp, mtaalamu wa Kirusi, alichapisha uchunguzi wake wa ngano za kwao, akaonyesha kuwa licha ya wingi wake zinajengwa kwa matendo 31 yanayofuatana na wahusika wa majukumu saba. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua orodha hiyo. Upo ukosefu au dhara linaloanzisha safari. Yupo shujaa anayeondoka nyumbani. Yupo mhisani anayemjaribu shujaa kwa maswali au kazi, na anayeridhika humpa kifaa cha ajabu. Mwishoni shujaa hurudi, ukosefu umeondolewa, naye hutambuliwa.

Yeyote atakayeisoma fomu ya ufadhili kwa jicho hilo atashangaa. Swali la kwanza huuliza tatizo ni lipi: huo ndio ukosefu. La pili huuliza wazo jipya ni lipi: hicho ndicho kitendawili cha mhisani. La tatu huuliza ni kwa nini mwombaji ndiye mtu hasa wa kulitekeleza: hapo shujaa anadaiwa ajitambulishe kwa majigambo. Kisha huja fedha, kifaa cha ajabu, na hatimaye ripoti, yaani marejeo ya shujaa. Fomu haiombi maelezo tu. Inaomba ngano, tena ngano ya aina moja.

Ngano hiyo ina gharama mbili kwa Sericho. Ya kwanza ni kwamba inaanza na ukosefu. Ili mlango ufunguke, kijana yule hana budi kuichora Sericho kama mahali pasipo na kitu: pasipo na maji, pasipo na elimu, pasipo na utaratibu. Kila anachokitaja kama utajiri wa kwao kinapunguza nguvu ya ombi lake. Hivyo dedha, ambayo ndiyo kiini cha wazo lenyewe, inasukumwa pembeni katika aya ya kwanza ili tatizo lionekane kubwa, kisha inarudishwa katika aya ya pili ikiwa imevishwa nguo mpya na kuitwa uvumbuzi.

Gharama ya pili ni nzito zaidi. Katika orodha ya Propp yumo pia mhusika anayeitwa shujaa bandia, yule ajitokezaye mwishoni akidai kuwa kazi iliyofanywa na wengine ni yake. Fomu inayomtaka mwombaji aseme wazo ni lake binafsi, na kwamba ni jipya, inamsukuma kijana wa Sericho kulekule. Akiandika kuwa amebuni mfumo wa kugawana malisho kwa majira, atasifiwa kwa ubunifu, na wazee waliomfundisha wataonekana katika picha wakiwa wamekaa chini ya mti, bila majina. Hakuna aliyekusudia wizi. Ngano yenyewe ndiyo iliyogawa majukumu hivyo, naye alijaza nafasi iliyokuwa wazi.

Msamiati unavyoamua

Pingamizi la haraka hapa ni kuwa tatizo ni Kiingereza. Fomu ikiandikwa kwa Kiswahili mambo yatakuwa sawa. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Kiswahili cha miradi tayari kipo, na kimebeba mengi ya kutiliwa shaka.

Lichukuliwe neno walengwa. Ndilo linalotumika takriban katika kila ripoti ya mradi kwa maana ya watu ambao mradi unakusudia kuwasaidia. Lakini kulenga ni kazi ya mwenye mshale au bunduki. Mlengwa hana la kufanya ila kusimama pale alipo ili ashabaha isikosee. Kulitumia neno hilo kwa wazee wa bonde lililopitia mwaka 1963 hadi 1967 ni jambo ambalo mtu mwenye sikio la lugha hawezi kulipita bila kusita.

Lipo pia neno athari. Waandishi wa maombi hulitumia kutaja manufaa ambayo mradi utaacha. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, neno hili huelekea upande wa madhara: husemwa athari za ukame, athari za vita, athari za dawa za kulevya. Mzee wa Sericho akiambiwa kuwa mradi utakuwa na athari kubwa kwa malisho yake, ana haki ya kukataa. Tija, faida au hata mabadiliko ni maneno yaliyo wazi zaidi.

Ufadhili nao unatokana na fadhila, na fadhila hudai shukrani. Anayepewa kwa fadhila haulizi maswali mengi. Je, malipo ya kazi inayowanufaisha maelfu ni fadhila, au ni mchango katika shughuli ya pamoja? Neno linajibu kabla ya watu kuulizwa.

Lakini Kiswahili kinalo pia neno wadau, ambalo limechakaa kwa kutumiwa ovyo kwenye warsha ilhali asili yake ni nzuri mno. Mdau ni mwenye dau, yaani mtu aliyeweka kitu chake katika mchezo na anayeweza kukipoteza. Kwa kipimo hicho, mdau mkuu wa wazo la dedha si mfadhili, wala si kijana mwenye shahada. Ni mama mwenye mbuzi watano ambao wazo likishindwa watakufa. Fomu inayoanza na swali la nani ameweka dau gani itazaa hadithi nyingine kabisa na ile inayoanza na swali la nani analengwa.

Upande wa pili wa mizani

Itakuwa si haki kuisifu jamii kana kwamba haina dosari. Baraza la wazee ni la wazee wanaume. Mwanamke anayechota maji na kijana anayelala na ng'ombe porini hujua mengi kuhusu malisho, na bado mara nyingi huamuliwa na wengine. Mtu mmoja jasiri anaweza kuona kile ambacho baraza zima limekizoea. Ndiyo maana wafadhili hawakosei wanaposema kuwa mageuzi mengi huanza na mtu.

Ushahidi haupo mbali. Katika Wajir, majirani wa Sericho, mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi dogo la wanawake akiwemo Dekha Ibrahim Abdi lilianzia sokoni, likihakikisha kuwa wanawake wa koo zote wanaweza kuuza na kununua bila kufukuzana. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, vijana na maofisa wa serikali. Mwaka 1993 wazee walitia saini makubaliano ya amani, na mwaka 1995 kamati ya amani na maendeleo ya Wajir ikaingizwa katika utaratibu wa utawala wa wilaya. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kifo chake. Wazo lile lilikuwa la mageuzi, lilikuwa changa, na lilithubutu kuwakabili wazee.

Hata hivyo, kisa hicho kinafundisha jambo jingine pia. Kazi ilitangulia, sifa ikafuata baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Wala haikuwezekana wakati wowote kusimulia amani ya Wajir kama kazi ya mtu mmoja, kwa kuwa bila wauza maziwa wa sokoni na bila wazee waliokubali kuketi, pasingekuwa na cha kusimulia. Uthubutu wa mtu na umiliki wa jamii si maadui. Fomu ndiyo inayovitenganisha.

Kwa uadilifu iongezwe kuwa baadhi ya wafadhili wameanza kulitambua hili. Echoing Green lenyewe katika miaka ya karibuni limesisitiza viongozi walio karibu na jamii wanazozitumikia. Hiyo ni hatua. Lakini ukaribu wa shujaa na kijiji chake haubadilishi ngano. Shujaa wa ngano zote hutoka kijijini.

Isiolo ilikwisha kuonyesha njia

Kwamba ombi la fedha linaweza kuandikwa kwa namna nyingine si ndoto. Katika miaka ya 2010, Isiolo ilikuwa mahali pa kwanza nchini pa kujaribia mfuko wa kaunti wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ziliundwa kamati za kupanga katika wadi, Sericho ikiwemo. Wanakamati walichaguliwa na wenyeji, na sehemu kubwa ya fedha, asilimia 70, ilitengewa miradi ya ngazi ya wadi. Kabla ya kuomba, watu walikaa na kuchora ramani za malisho, visima na njia za mifugo kwa majina yao wenyewe. Miongoni mwa yaliyofadhiliwa ni kuimarisha taasisi za dedha zenyewe.

Tofauti inaonekana katika sarufi. Katika fomu ya shujaa, nafsi ni ya kwanza umoja: nimebuni, nitafanya, nitabadilisha. Katika ombi la kamati ya wadi, nafsi ni ya kwanza wingi, na kitenzi aghalabu ni cha kurudisha au kuimarisha badala ya kubuni. Mwanafunzi wa mofolojia anayejua kutenganisha ni- na tu- anaweza kudhani hiyo ni tofauti ya silabi moja. Kwa Sericho, ni tofauti kati ya kumiliki wazo na kulitazama likiondoka.

Wajibu wa wanaosoma Kiswahili

Nini kifanyike, basi? Kwanza, vyuo vikuu hufundisha sajili za mahakamani, hospitalini, sokoni na magazetini. Sajili ya maombi ya ufadhili haimo, ingawa ndiyo ambayo mhitimu kutoka Isiolo, Kwale au Turkana atakutana nayo mapema kuliko ya mahakamani. Ifundishwe: muundo wake, msamiati wake, na mitego yake. Ichambuliwe kama matini za fasihi zinavyochambuliwa, kwa kuuliza nani anasema, kwa niaba ya nani, na nani amenyamazishwa.

Pili, paanzishwe desturi ya tafsiri ya kurudi. Ombi lolote linaloitaja jamii lirudishwe kwa jamii hiyo kwa lugha inayoisikia, lisomwe kwa sauti barazani kabla ya kutumwa. Wazee na akina mama wakijisikia wakiitwa watu wasio na utaratibu, watasema. Fomu itachelewa siku chache, nalo ombi litapungua majigambo na kuongezeka ukweli. Mfadhili makini atautambua ukweli huo.

Tatu, wafadhili waombwe, tena kwa maandishi, wapokee maombi kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Taasisi inayotaka mawazo ya Afrika Mashariki haiwezi kuendelea kuyachuja kwa ufasaha wa Kiingereza na kudhani imechuja ubora wa mawazo.

Nne, na hili ni onyo kwa wapenzi wa Kiswahili wenyewe: Sericho haisemi Kiswahili kwanza. Inasema Kiborana. Maneno dedha na aba erega hayakutafsiriwa katika makala haya kwa kuwa hakuna neno moja la Kiswahili linaloyabeba. Kiswahili kikija Sericho kwa kiburi kilekile ambacho kwacho Kiingereza kilikuja kwa Kiswahili, kitakuwa kimebadilisha bwana tu. Kikija kama daraja, kikiyapokea maneno ya Kiborana kama kilivyopokea ya Kiarabu, Kireno na Kihindi, kitatajirika na kufaa.

Hitimisho

Kijana wa Sericho aombe ufadhili. Fedha zipo, ukame utarudi, na wazo lake ni jema. Lakini penye swali la kwa nini yeye, aandike kwamba ametumwa, na awataje waliomtuma. Penye swali la nini kipya, aseme wazi kipi ni cha wazee na kipi ameongeza yeye: simu, maandishi, viti vya akina mama. Penye nafasi ya walengwa, aandike wadau, kisha aeleze dau la kila mmoja.

Inawezekana atakosa. Inawezekana pia kuwa msomaji wa fomu, aliyechoshwa na mashujaa maelfu, atasimama kwenye ukurasa huo. Vyovyote itakavyokuwa, atarudi barazani akiwa na uso wa kuwatazama waliomfundisha, na wazo litakuwa bado liko Sericho.